Watoto Wetu Twawasomesha kwa Ajili ya Nini?



Himdi zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyetumwa kwetu kuwa mwalimu. Ama baada ya hayo.

Msomaji wetu wa pwani aonapo jina la Bondeni hudhani twaandika kutoka Bondeni ya Mombasa, jirani na Majengo. Yetu ni Bondeni ya Nakuru, mtaa mkongwe ambamo Waswahili, Wanubi, Wasomali na watu wa makabila mengi ya bara wamekaa ukuta kwa ukuta tangu zama za reli, na ambamo adhana ya alfajiri mwezi wa Julai humkuta mtu amejikunyata ndani ya mablanketi mawili. Hali ya hewa yetu si yenu, lakini jambo tutakalolizungumza wiki hii halina pwani wala bara.

Mitihani ya kidato cha nne ilipokaribia, mama mmoja alibaki nyuma baada ya darsa yetu ya akina mama. Ana binti asomaye shule ya kutwa, mtoto mtulivu ambaye sisi wenyewe tulimfundisha Juzuu Amma. Alifungua simu akatuonyesha ujumbe: karatasi za KCSE zauzwa, kila somo na bei yake, pesa zitumwe kwa M-Pesa, na karatasi zitaletwa kwa Telegram usiku wa kuamkia mtihani. Wazazi kadhaa wa darasa lile walikuwa wamekwisha kuanza kuchanga. "Maalim," akasema, "kwanza nataka nijue kama ni haramu. La pili, ikiwa wenzake wote watazipata, na mimi nikamnyima wangu, je, si nitakuwa nimemdhulumu mwanangu?"

Swali la kwanza halikutuchukua muda. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina akatia mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta chini limelowa ilhali juu limekauka, hapo akatangaza kwamba mwenye kughushi hahesabiwi katika watu wake. Mtihani ulionunuliwa ni rundo lile lile. Sheria ya nchi nayo ni kali: Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 yaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 10 kwa kushika karatasi ya mtihani kabla ya wakati wake. Tena aghalabu wauzaji hao wa Telegram ni matapeli tu, na Baraza limekuwa likitahadharisha hivyo karibu kila mwaka. Lakini hatukumjibu mama yule kwa hoja ya utapeli, kwa kuwa mtu aachaye kununua kwa kuhofu karatasi bandia, atanunua siku atakapoipata ya kweli.

Ni swali la pili lililotukosesha usingizi. Ndani yake mna falsafa nzima ya elimu, na mama yule aliitamka kwa maneno machache kuliko wengi walioandika vitabu. Kwani kama elimu ni foleni ya kugombea nafasi, basi ana haki ya kuuliza: asiyesukuma atabaki nyuma, na mzazi asiyemsukumia mwanawe ni mzazi mzembe. Na kama elimu ni kumjenga mtu, mambo yanageuka juu chini, na aliyedhulumiwa ni yule aliyenunuliwa karatasi. Haiwezekani kushika yote mawili kwa pamoja. Kila nyumba imekwisha kuchagua, ijapokuwa haijui kuwa imechagua.

Nchi yetu imekwisha kuonja mwisho wa ile njia ya foleni. Katika KCSE ya mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 5,000 walifutiwa matokeo yao kwa udanganyifu. Machi 2016 waziri wa elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, akaivunja bodi ya Baraza la Mitihani. Mwaka ule karatasi zikafungiwa ndani ya makontena ya chuma chini ya manaibu kamishna wa kaunti, na walimu wakuu wakawa wakienda kuzichukua asubuhi mapema kwa ulinzi wa polisi. Ziara za wazazi shuleni katika muhula wa tatu zikapigwa marufuku, na siku za maombi pia. Kisha matokeo yakatoka. Mwaka 2015 waliopata alama ya A walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016, kati ya watahiniwa zaidi ya 570,000, waliopata A walikuwa 141.

Wapo waliosema kwamba namna ya kusahihisha nayo ilibadilika, na sisi hatudai kuwa kila A ya miaka ya nyuma iliibwa. Wengi waliipata kwa jasho lao, wakikesha kwa taa ya koroboi. Na hao ndio waliodhulumiwa kuliko wote, kwa sababu hakuna tena awezaye kuwatenga na wenzao walioiba. Mama yetu alihofia kumdhulumu binti yake kwa kutomnunulia. Je, binti wa jirani aliyesoma kwa haki, atakayekaa dawati la pili, hana mama?

Sisi watu wa dini lililotuuma zaidi katika habari ile ni hizo siku za maombi. Fikirini maana yake. Wazazi na viongozi wa dini huenda shuleni kuwaombea watoto kabla ya mtihani, jambo jema. Lakini serikali ikaona kwamba katika msongamano wa wageni na mabasi karatasi zaweza kupita, na watu wa dini hatukuwa na la kujibu, maana tuliyajua. Dua imefika kushukiwa kuwa mlango wa wizi. Na yote hayo katika nchi ambayo miongoni mwa malengo yake manane ya elimu mna kukuza maadili mema na ya kidini. Nchi ambayo tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza maadili ya jamii yafundishwe shuleni. Nchi ambayo mtaala wake mpya umeorodhesha upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Maneno mazuri, hakuna asiyeyapenda. Mtoto huyakariri, huulizwa maana ya uadilifu katika mtihani, hupewa alama zote. Na jibu la swali hilo laweza kuwa liliuzwa jana usiku.

Haya hayaishii shuleni. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti ya ukaguzi wa vyeti vya watumishi wa serikali, ikakuta zaidi ya 2,000 wenye vyeti vya kughushi. Hao si vijana wa mitaani. Ni watu waliokaa mezani, wakipiga mihuri na kutuhudumia sisi na watoto wetu.

Basi turudi kwenye asili. Wanazuoni wetu wana maneno matatu kwa kazi hii ya kusomesha: taalimu, yaani kumpa mtu maarifa, tarbia, yaani kumlea mpaka akue, na taadibu, yaani kumfanya awe na adabu. Mwaka 1977 ulifanyika mkutano mkubwa wa elimu ya Waislamu huko Makka, na moja ya mambo yaliyojadiliwa ni neno lipi kati ya haya lastahili kuwa jina la elimu yetu. Mwanazuoni wa Malaysia, Syed Muhammad Naquib al-Attas, alilishikilia la tatu. Hoja yake kwa ufupi: hata mnyama hulelewa akakua, na maarifa hata mwizi huwa nayo, lakini adabu ni kujua mahali pa kila kitu na kukipa haki yake. Mwenye adabu hujua nafasi ya Mola wake, ya mzazi, ya mwalimu, ya jirani, na ya nafsi yake. Hivyo hawezi kukaa mahali asipostahili akaona raha. Hapo ndipo mtihani ulipo: cheti ni mahali, na anayekikalia bila haki amekosa adabu kabla hajakosa elimu.

Kiswahili chetu kilikuwa kikilijua hilo. Mzee akimsifu kijana kwa kusema "ana adabu zake" hakumaanisha kuwa kijana yule ni mwoga. Lakini sikilizeni neno hilo leo vyuoni na majumbani. "Mtie adabu" maana yake ni lete fimbo. Neno lililobeba ubinadamu wote limebaki kuwa jina la kiboko, nasi walimu wa chuo tuna sehemu yetu kubwa katika kuliharibu.

Nayo fimbo haiko mbali na wizi wa mtihani. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, katika Muqaddima yake ana mlango mahsusi juu ya ukali kwa wanafunzi. Asema kwamba mtoto alelewaye kwa mabavu hupungukiwa na uchangamfu, hujifunza uvivu, kisha uongo na hila, akionyesha nje yasiyomo ndani kwa kuogopa mkono wa mkubwa wake. Na hila hiyo humkalia ikawa ndiyo tabia yake. Ni zaidi ya miaka 600 tangu hayo yaandikwe. Sasa mtazameni mtoto wa leo ambaye alama zikishuka huchapwa, zikipanda hununuliwa soda. Hajafunzwa kupenda hesabu. Amefunzwa kwamba nambari ile nyekundu juu ya karatasi ndiyo yenye kuamua kama usiku huu atalala kwa amani. Akiona njia ya kuipata nambari bila kuipata hesabu, ataiacha kwa lipi? Kiboko shuleni kimekatazwa nchini tangu mwaka 2001, na wako walimu wa chuo wanaodhani kwamba katazo hilo lahusu skuli peke yake. Hilo tutalizungumza siku nyingine, inshaallah, na hatutalizungumza kwa upole.

Mama wa Imam Malik bin Anas alilijua jambo hili bila ya kusoma Ibn Khaldun. Alimvisha mwanawe nguo nzuri, akamfunga kilemba, akamtuma kwa Rabia, mwanachuoni wa Madina, na akamwagiza achukue kwanza adabu za mwalimu yule kabla ya elimu yake. Angalieni, hakumwambia awe wa kwanza darasani. Na yule mtoto ndiye aliyekuja kuwa mtu ambaye aliulizwa maswali mengi na mara nyingi akajibu kwamba hajui. Leo mtoto wetu akisema "sijui" mbele ya watu twaona haya kwa niaba yake, kana kwamba ametukana.

Kuna kisa cha Imam Ghazali ambacho twakipenda sana kuwasimulia vijana wa chuoni. Katika ujana wake alitoka kwao Tus akaenda Jurjan kusoma, akaandika darsa zake zote katika makaratasi, akayatia mfukoni akarudi. Njiani wakavamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu. Kijana Ghazali akamfuata mkuu wao akimsihi amrudishie makaratasi yale tu, kwani hayana faida kwao, na ndani yake mna elimu aliyoihangaikia. Yule mnyang'anyi akacheka. Akamuuliza, wadaije kuwa una elimu, ilhali sisi tumekunyang'anya mfuko ukabaki huna elimu? Akaamuru arudishiwe. Ghazali alirudi nyumbani akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote, ili asiweze kunyang'anywa tena.

Huwa twawauliza vijana: katika kisa hiki mwalimu ni nani? Hucheka, kwa sababu jibu ni mwizi. Kisha huuliza wenyewe lile swali lenye maana zaidi: mtu akiwa na cheti cha A, ukakichukua cheti ukakitia motoni, atabaki na nini? Binti aliyesoma biolojia miaka minne atabaki na biolojia. Aliyenunua atabaki na majivu.

Lakini kisa cha Ghazali kina sehemu ya pili isiyosimuliwa sana. Mtu yule yule alifika kileleni. Mwaka 1091 aliteuliwa kufundisha katika Nizamiyya ya Baghdad, chuo kikuu cha zama zake, na wanafunzi kwa mamia wakimzunguka. Hakuna wa kumnyang'anya tena. Elimu yote ilikuwa kichwani. Mwaka 1095 aliacha kila kitu akaondoka, baada ya kujipeleleza nafsi yake akakuta kwamba anafundisha kwa ajili ya cheo na sifa. Kwa hivyo hata elimu ya kweli, iliyohifadhiwa, iliyopatikana kwa jasho, yaweza kuwa imekosa lengo. Hilo ndilo lituogopeshalo zaidi ya karatasi za Telegram. Wizi wa mtihani ni ugonjwa unaoonekana. Ule usioonekana ni wa mtoto asiyeiba hata mara moja, akapata A zake zote kwa haki, kisha akawa daktari asiyemtazama mgonjwa maskini usoni.

Katika mapokezi yetu ya zamani kulikuwa na ijaza. Mwalimu aliposomewa kitabu na mwanafunzi tangu mwanzo hadi mwisho, alimwandikia kwamba fulani amesoma kwangu, nami nilisoma kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka ifike kwa mtunzi wa kitabu. Wanafunzi wa Lamu na Mombasa, na wa Zanzibar na Hadhramaut, walijuana kwa nyororo hizo. Ijaza haikuwa alama. Ilikuwa jina la mtu kuwekwa rehani kwa jina la mtu mwingine: ukiniaibisha, umemwaibisha mwalimu wangu, na mwalimu wa mwalimu wangu. Mwalimu aliweza kumnyima ijaza mwanafunzi hodari akiona tabia yake si njema. Hatusemi turudishe ijaza katika shule za sekondari; wanafunzi zaidi ya nusu milioni hawawezi kupimwa hivyo. Twasema tu kwamba cheti kisichobeba jina la mtu yeyote mwenye kuona haya ni rahisi mno kukiuza.

Pengine kuna atakayesoma haya akasema: basi tuwatoe watoto skuli, tuwabakize chuoni, dunia hii imeharibika. Ahasha! Neno hilo lilijibiwa pwani kabla sisi hatujazaliwa. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na akafa mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kuandika makala kwa Kiswahili katika Sahifa yake mwaka 1930, kisha akatoa al-Islah mwaka 1932, akiwakemea Waislamu kwa kulala usingizi wenzao wanasoma. Aliwataka wasomeshe watoto wao elimu za dunia bila kuiacha dini, na wasiwasahau watoto wa kike. Wakati ule kulikuwa na wenye kuona skuli ni njia ya kumpoteza mtoto. Sheikh al-Amin aliona kwamba ujinga ndio uliokuwa ukiwapoteza. Sisi tulio wanafunzi wa wanafunzi wake twasimama pale pale: binti yule asome biolojia, asome fizikia, aende Egerton hapo Njoro kama Mola amemwandikia. Mzozo wetu hauko kati ya skuli na chuo. Uko kati ya mtoto anayejengwa na mtoto anayepakwa rangi.

Na hapa twataka kusema na akina mama kwa uwazi, maana kazi hii ya kupaka rangi mara nyingi hufanyika sebuleni. Zama za mtihani mmoja wa kufa na kupona zinakwisha. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, na waliofanya KCPE hiyo ndio watakaofunga mlango wa KCSE mwaka 2027. Katika mtaala wa umilisi, mtoto wa gredi ya 9 huingia sekondari pevu kwa hesabu ya asilimia 20 kutoka mtihani wa gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kutoka mtihani wa gredi ya 9. Yaani sehemu ya alama haifungiwi tena katika kontena la chuma. Imo mikononi mwa mwalimu wa darasa, na kazi nyingine huja nyumbani kufanywa mezani penu.

Twajua yanayotokea. Mtoto ameagizwa atengeneze sanamu ya kutishia ndege, au mkeka mdogo wa karatasi, au kifaa cha kupimia mvua kwa chupa ya plastiki. Saa nne za usiku mtoto amelala fofofo, na mama ameketi sakafuni na makasi, gundi na nguo kuukuu. Wengine hutuma kwa fundi wa mtaani, wakamlipa. Asubuhi mtoto hubeba kazi ya kupendeza, mwalimu akaisifu, naye akaitikia kwa tabasamu la aibu. Hakuna polisi wa kumkamata mama huyu, wala sisi hatuna nia ya kumlinganisha na muuza karatasi. Amechoka, anapenda mwanawe, na mwalimu alipaswa kujua kuwa mtoto wa miaka 10 hashoni. Lakini mtoto amejifunza somo asubuhi ile. Amejifunza kwamba kitu kisicho chake, kikiwa kizuri, chaweza kuitwa chake. Miaka minane baadaye, ujumbe wa Telegram utakapomfikia, utaongea naye kwa lugha anayoifahamu.

Mwacheni apeleke sanamu iliyopinda. Msaidieni kushika makasi, mwonyesheni fundo linavyofungwa, kisha mwondoke. Akipata alama ndogo, alama hiyo ni yake, na kesho ana mahali pa kuanzia.

Sasa tumjibu mama yetu. Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.) alikuwa akizunguka Madina usiku, akapumzika kwenye ukuta wa nyumba moja, akasikia mama akimhimiza bintiye achanganye maziwa na maji kabla ya kuyauza. Binti akamkumbusha kwamba Khalifa amekataza. Mama akasema, Khalifa hayuko hapa atuone. Binti akajibu kwamba, ikiwa Umar hawaoni, Mola wa Umar anawaona. Umar aliiwekea alama nyumba ile, na kulipokucha akamchagulia mwanawe Asim binti yule awe mke. Katika kizazi chao akatoka Umar bin Abdul-Aziz, khalifa aliyesifika kwa uadilifu mpaka leo.

Kisa hiki husimuliwa sana kwa ajili ya binti. Sisi humfikiria mama. Hakuwa mtu mwovu. Bila shaka alikuwa maskini, wauzaji wengine walikuwa wakichanganya, na aliona kwamba bintiye atabaki nyuma. Hoja yake ni ile ile ya "wenzake wote." Basi binti yule aliyatoa wapi maneno yale? Hakuzaliwa nayo. Tunaamini kwamba aliyatoa kwa mama huyo huyo, siku za nyuma, kabla ya shida kumbana mama akayasahau. Na ndivyo tulivyomwambia mama yetu: wewe ndiwe uliyemleta kwetu akiwa na miaka 6, ukatuambia umfundishe ajue Mola wake anamwona. Tumemfundisha. Ukimpa karatasi hii, umemwambia kwamba yale yote yalikuwa maneno ya chuoni.

Alituuliza, na ni haki yake kuuliza: akianguka je? Hatukumficha. Kuingia chuo kikuu moja kwa moja kwataka C+, na binti yake yuko mpakani. Akikosa hiyo, C- yamfungulia mlango wa stashahada, na D kozi za cheti. Pale Nakuru pana chuo cha ufundi, na mabinti wa mtaa wetu wamepita humo wakatoka na kazi za mikono yao. Ni njia ndefu zaidi na ina gharama, na majirani watauliza maswali siku ya matokeo. Hayo ni machungu ya kweli, si madogo, na mwenye kuyavumilia kwa kuogopa haramu ana malipo kwa Mola wake. Tulimwomba pia jambo moja la leo leo: jioni binti arudipo, asiulizwe amepata ngapi. Aulizwe leo amefahamu nini ambacho jana hakukifahamu, na amweleze mama yake mpaka mama afahamu. Mama hakusoma zaidi ya darasa la 8, na alituambia kwamba hatafahamu fizikia. Tukamwambia ndiyo uzuri wake: binti akiweza kumfahamisha mama asiyeijua, basi anayo, na hakuna wa kumnyang'anya.

Mwisho, kuna swali ambalo wasomaji wetu watatuandikia hata tusipolitaja, kwa hiyo tulitaje. Je, aliyekwisha kuiba mtihani zamani, akapata cheti, akaajiriwa, mshahara wake ni halali? Wanazuoni wa zama zetu waliulizwa hili, na baadhi yao walijibu kwamba ni lazima atubu toba ya kweli, na kwamba akiwa anaiweza kazi yake na kuitekeleza ipasavyo, mshahara anaopewa ni malipo ya kazi hiyo na hana ubaya kuupokea. Sisi twaona sharti la kuiweza kazi ndilo la kulichungua. Muuguzi aliyeruka somo la vipimo vya dawa kwa karatasi ya kununua, toba yake haikamiliki kwa istighfari juu ya msala peke yake. Afungue kitabu kile alichokiruka, akisome sasa, amwulize mwenzake anayejua, mpaka awe anaweza kumpimia mtoto wa mtu dawa bila kubahatisha. Na kama kazi ni ya aina ambayo hawezi kuifikia hata kwa kusoma, aiache, atafute aiwezayo, kwani kila siku akaayo hapo kuna mtu anayeumia kwa kutojua kwake.

Wallahu aalam.